Ng'ombe Wasio Wetu

Mwaka ule wa corona nilirudi kwa mama, kijijini Masieda, baada ya mgahawa niliokuwa napika mjini Katesh kukosa wateja na kufungwa. Nyumbani nilikuta mahindi kidogo ya kula, yametobolewa na dumuzi. Mbegu haikuwepo. Kwa hiyo tuliposikia serikali italeta fedha kwa wakulima walioyumba, mama alisema neno moja tu: "Mbegu."

Ili uelewe kilichofuata, nikueleze kwanza habari ya ng'ombe. Kwetu, mwenye mifugo mingi haweki yote nyumbani kwake. Huwagawia wengine wamtunzie, wawili hapa, watatu kule, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimmalize. Anayetunza hunywa maziwa na kupata samadi, na akitunza vizuri kwa miaka, huenda akapewa ndama. Sharti ni kwamba hutangazi ni wa nani. Usidhani ni ujanja. Utaratibu huo umelisha wajane wengi. Baba alipofariki, mzee jirani yetu alituletea ng'ombe watatu, na tukaishi.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji, tumekaa mbalimbali, barakoa zimeshuka kidevuni. Mwenyekiti alitaja kaya moja moja, watu wakasema kama inastahili. Akafika kwetu.

"Huyo ana ng'ombe," akasema mwanaume mmoja nyuma.

"Tumpe sisi? Yeye ndiye atupe!" jirani mmoja wa kike akadakia. "Sisi chai ya rangi, mwenzetu anakoroga maziwa mpaka kijiko kinasimama!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo. Mzee mwenye ng'ombe alikuwa mbele yetu, ameegemea fimbo yake, anatazama chini. Nikainuka. Mama akanivuta kitenge.

"Kaa."

"Mama, si useme tu..."

"Kaa chini, nimesema."

"Kuna mwenye neno?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna, mwenyekiti," mama akajibu.

Tukarukwa. Ilipotajwa kaya ya mzee, hakuna aliyepinga. Bomani kwake hapakuwa na hata mbuzi, kila mtu alijua. Akapitishwa.

Njiani nilitembea kwa hasira. Mama akanisubiri mpaka pumzi ikatulia. "Ningemtaja, angewachukua kesho," akasema. "Fedha ile ni ya msimu mmoja. Maziwa ni ya kila asubuhi. Mbegu tutahangaika." Nilimwelewa. Nawe ukiwaza taratibu, bila kumhukumu, utamwelewa.

Fedha zilipolipwa, mzee alikuja na mke wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mama akamletea maziwa. Akanywa, akafuta midomo. Kisha akasema, "Mama, watu wameanza kusema sana habari za boma lako. Kesho watauliza ng'ombe hawa wametoka wapi. Acha wakae kwingine kwanza."

Mama hakubishana. Aliondoa miti ya mlangoni mwenyewe. Ng'ombe wakatoka, na nyuma yao ndama jike ambaye mama alikuwa ameanza kumwita wake. Mke wa mzee alimwangalia mama, kisha akawafuata ng'ombe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. "Boma liko tupu. Njoo uone kwa macho yako."

"Dada, nakuamini," alisema. "Lakini majina yalishaenda wilayani, na fedha zimeshalipwa. Nitayarudishaje?" Alinipa pole, na najua haikuwa ya mdomoni tu.

Niliporudi, mama alikuwa shambani na karai, anagawa samadi kwenye mashimo ambayo hatukuwa na cha kupanda ndani yake.

"Ya nini sasa, mama?"

"Ndiyo ya mwisho," alisema bila kuinua kichwa. "Ikibaki bomani, mvua itaondoka nayo."

Nikaenda kutafuta karai jingine.