Pale Treni Zinapoungana

Huku Guangzhou bila tiketi hufiki pale treni zinaposimama. Kwa hiyo mimi, mtu wa Dar ninayenunua vigae na kuwatumia wateja kwa kontena, nilikuwa nakata tiketi ya kituo cha jirani kabisa, halafu sipandi. Napiga picha tu. Wenzangu wa Tianxiu, jengo la sisi wafanyabiashara wa Kiafrika, walinicheka, ati nimekosa kazi ya kufanya. Niliwaacha wacheke. Picha zilikuwa za kumpelekea baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunga mabehewa: anasimama katikati, behewa linasukumwa kuja kwake, naye anavisha ndoano. Vidole viwili vya mkono wa kushoto aliviacha hapo hapo. Nilipomaliza shule akaniombea nafasi ya kazi ileile, akazunguka maofisini mpaka ikapatikana. Nikaikataa. Nikamwambia reli haina maslahi, nataka biashara. Mdomo huu! Tangu siku hiyo hakuitikia tena shikamoo yangu. Miaka saba namsalimu, yeye kimya. Na mzazi akikunyima marahaba, hata ukila hushibi.

Dada yangu, anayeishi naye, ndiye aliyesema nijaribu kumpelekea picha za treni. Nikaanza na zile mpya, za rangi ya fedha zenye mstari mwekundu, pua zimechongoka. Nikaandika chini yake: shikamoo Baba. Simu ikaonyesha ameona. Kimya. Nikampelekea zile za zamani, nyeupe, pua butu, zimechujuka kwa mvua na vumbi, ingawa hizo wanazoziita za zamani nazo zikipita unashika kofia. Shikamoo Baba. Kimya. Nilikasirika, nisiseme uongo. Niliapa sitamtumia tena hata picha ya toroli. Wiki iliyofuata nikakata tiketi nyingine.

Alasiri hiyo ziliingia treni mbili za zamani zimeunganishwa pua kwa pua. Nikachutama pale zinapokutana, simu nimeinyoosha mbele. Mlinzi akapuliza filimbi, akanijia juu huku akinionyesha mstari wa njano. Na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamjibu kwa Kiswahili, yeye akinifokea kwa Kichina, na tulielewana vizuri tu. Nikarudi nyuma ya mstari, lakini picha nilikuwa nimeshaipata. Nikaituma na shikamoo yake, kama kawaida.

Hazikupita dakika tano, simu ikaita. Baba.

Hakunisalimu. Aliuliza: "Hapo zinapoungana, mkono wa mtu unapita wapi?"

Nikamwambia haupiti. Dereva anaisogeza moja polepole, zinagusana, zinashikana zenyewe.

"Kumbe," alisema. "Hakuna mtu katikati."

"Hakuna, Baba."

 Nami sijui nini kilinisukuma, pale pale, watu wakinipita na masanduku yao. Nikasema: "Baba, sikuidharau kazi yako. Niliogopa. Kila tukikaa kula nilikuwa nauangalia mkono wako, naogopa. Nikaona aibu kukwambia."

Nilidhani simu imekatika. Nikaitazama, haijakatika.

"Sasa mbona hukusema?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Hata mimi nilikuwa naogopa. Kila siku ya Mungu nikiingia katikati ya yale mabehewa, naogopa."

 Machozi yalinitoka ovyo, mtu mzima mimi, mbele ya kadamnasi. Yule mlinzi akanisogelea taratibu, nadhani alihisi ni yeye aliyeniliza, akanipa karatasi ya kujifutia. Treni zikafunga milango, zikaondoka pamoja.

Baba alikohoa kidogo kule Dar.

"Haya," alisema. "Marahaba."