Jangwani, Siku ya Kumzika Baba

Nilipelekwa jangwani ili nisijue kwamba baba amekufa. Nasema nilipelekwa, sisemi nilikwenda, ingawa wakati ule nilijiona mtalii kamili, na kofia nikanunua.

Kwetu Kilolo mtu aliye mbali hapewi habari ya msiba hivi hivi, na mwanafunzi mwenye mtihani ndiyo kabisa. Anafichwa. Watu wazima wanakaa kikao, wanakubaliana nani atapokea simu zake na atamjibu nini, na wote wanashika maneno hayohayo mpaka siku atakapoambiwa. Nilipokuwa mdogo niliona jirani yetu akidanganywa na kijiji kizima, mchungaji akiwemo, nikadhani huo ndio upendo wenyewe. Sikuwaza kwamba iko siku itakuwa zamu yangu.

Nilikuwa nasoma Moroko kwa ufadhili, mwaka wa pili. Mtihani wa muhula ulikuwa unaanza wiki iliyofuata. Ijumaa asubuhi rafiki yangu aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Mbeya, Waislamu ambao babu zao walitoka pwani, na pale chuoni ni sisi wawili tu tuliotoka Nyanda za Juu. Kijana mzuri, ila mkono wa birika. Ukimwomba chumvi, anakuuliza ya kazi gani.

"Kaka, twende jangwani," akasema. "Wikendi hii. Nalipa mimi."

Mtu mwenye akili angeshtuka hapohapo. Mimi nilimwuliza kama amerithi. Hakucheka. Akasema kichwa kinahitaji kupumzika kabla ya mtihani, na kwamba usafiri ameshapata, wa bei chee, tunaondoka jioni.

Nilikubali upesi kwa sababu ya baba. Baba alikuwa mkulima wa viazi na njegere, na mzee wa kanisa. Jangwa alilijua kwa habari za wana wa Israeli tu, na hakuliamini sana. Kwetu ukungu unaingia mpaka jikoni, nguo zinakaa kwenye kamba siku nzima na kuanuliwa zikiwa mbichi. Mahali pasiponyesha kabisa alipaona kama chumvi aliyotia mhubiri. Tulipoongea mara ya mwisho kifua kilikuwa kinambana, akasema ni baridi tu, kisha akarudi kwenye hoja yake: "Wewe upo karibu. Nenda ukachimbe, uniambie chini kuna nini. Haiwezekani ardhi ikawa kavu mpaka chini." Nikaahidi.

Basi lenyewe lilikuwa la watu wa sokoni, viti haviegemei nyuma, na kila aliyekaa alikuwa anamenya chungwa. Rafiki yangu alizungumza na kondakta kwa Kiarabu cha madrasa, na abiria wakageuka wote kumtazama, maana alikuwa anauliza choo kiko wapi kwa lugha ya hotuba ya Ijumaa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alitabasamu kidogo, akatazama nje. Kila nilipotoa simu aliniambia niiweke, nitunze chaji, na isitoshe huko tuendako hakuna mtandao. Alilirudia sana hilo la mtandao. Niliona anajifanya mzazi wangu, nikakasirika kidogo, kisha nikasinzia.

Tulifika karibu na adhuhuri. Hema letu lilikuwa na viraka vingi kuliko turubai, na ngamia tuliwaangalia tu, kwani kupanda kulikuwa na malipo yake na kuangalia ni bure. Mbwa mmoja mwembamba akatufuata. Sasa, Mhehe akionekana karibu na mbwa, mtu wa Mbeya anajua la kusema. Utani huo, kwamba Wahehe tunakula mbwa, tumeusikia tangu shule ya msingi. Nilisubiri. Alimvunjia mbwa kipande cha mkate wake, akaniambia nikapumzike, yeye anaswali.

Ningepumzika vipi na jangwa liko mlangoni? Nilimwacha kwenye mkeka nikapanda kilima cha mchanga kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Juu kabisa nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Mchanga wa juu ulikuwa unaunguza. Nikachimba mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Nilipomaliza nikatoa simu ili nilipige picha lile shimo, na mtandao ukawa umejaa.

Baba hakuwa na simu ya intaneti, kwa hiyo nilimpigia dada. Dada yangu mkubwa ana duka la vitambaa Mlandege, mjini, na Jumamosi huwa hapatikani kwa wingi wa wateja. Iliita sana.

"Dada, shikamoo! Nipo jangwani!"

"Marahaba, mdogo wangu." Sauti ilikuwa ndogo.

"Upo dukani?"

"Nimekuja huku Kilolo. Kwa baba."

"Basi mpe simu."

Nilisikia mvua inagonga kitu, nikadhani ni mabati. Kisha dada akasema, "Baba hawezi kuongea. We ongea tu. Tumemwekea simu."

Niliudhika kwamba baridi imemfikisha huko na hakuna aliyeniambia. Lakini nilikuwa na habari, na mtu mwenye habari hana subira. Nikamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba," nikaanza. Nikamweleza basi, machungwa, Kiarabu cha rafiki yangu. Nikamweleza hema. Nikamwambia hakuna jani hata moja, kwa hiyo wana wa Israeli walikuwa na haki ya kunung'unika, naye awaombe radhi. Nikamwambia, "Baba, nimechimba. Juu panaunguza, lakini ukienda chini pana ubaridi, pana unyevu kabisa. Ulisema kweli. Chini si pabaya." Niliongea na kuongea, na nyumbani hakuna aliyenikatiza. Nikamaliza kwa kumwambia anywe dawa.

Rafiki yangu alikuwa amepanda kilima mbio, viatu mkononi. Alinisikia naita baba. Akakaa chini, akanipa mgongo, mabega yanatikisika. Nikamwuliza ana nini. Akasema mchanga umemwingia machoni.

Siku nilipomaliza karatasi ya mwisho nilikuta Watanzania wote wa mji ule wamejaa chumbani kwangu, wamevaa vizuri, na katikati kuna sufuria ya chai. Hapo mtu haambiwi tena. Nilianguka kabla hawajafungua mdomo. Rafiki yangu ndiye aliyesema, kwa sababu ndiye aliyekabidhiwa: baba alifariki Alhamisi, watu wa nyumbani wakampigia usiku uleule, wakamwomba anitoe chuoni na anitenge na simu mpaka mazishi yapite. Nilimtukana. Nilimtukana yeye na ukoo wake, mbele ya watu, na alikaa pale kunisikiliza mpaka chai ikapoa. Nilifaulu mitihani ile yote, na sijawahi kuyapenda matokeo yake.

Siku hizi nafanya kazi Mbeya, na duka la kwao haliko mbali na ofisi yangu. Tunakula pamoja, tunataniana, mbwa amerudi kwenye mazungumzo. Safari ile hatuigusi.

Nilirudi nyumbani likizo ndefu, nimebeba hasira kama mzigo wa kichwani. Niliwaza ya kumwambia dada, ya kumwambia mama. Nilitaka kuuliza nani aliwapa haki ya kunizikia baba. Lakini nilipokaribia nyumbani Kilolo, wanawake waliokuwa uani walianza kulia upya, kwa sauti, kana kwamba amekufa asubuhi hiyo. Ndivyo afanyiwavyo aliyefichwa. Kilio chake huwa kimemsubiri. Mama alinishika mkono, tukaenda wote mpaka kaburini, ukingoni mwa shamba la njegere.

Aliyenieleza mambo ya siku ya mazishi ni shangazi, aliyetufuata pale, ambaye hajawahi kuficha kitu isipokuwa hicho. Alisema simu yangu iliita jeneza likiwa limeshafika kando ya shimo. Watu wamejaa shamba zima, mvua inanyesha, kwaya inaimba. Dada alipoona jina langu alitaka kuizima. Mama akamkataza. Akasema, pokea, atahangaika. Mchungaji akainua mkono, kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Wanawake wakajiziba midomo kwa kanga. Mwenye mtoto anayelia akakimbia naye bondeni. Na mimi niliposema nipewe baba, mama aliichukua simu, akaifungua spika, akaiweka juu ya jeneza, akaifunika kwa mwavuli wake.

"Sote tulikusikia," shangazi akasema. "Basi lako, na machungwa yako. Wengine waliuma midomo wasicheke, Mungu atusamehe. Uliposema umechimba, wale vijana wenye makoleo walitazama chini. Tulilowa siku ile, mwanangu. Una maneno mengi wewe. Lakini hakuna aliyeondoka."

Nilikaa kwenye majani, mguuni pa mama. Nilikuwa bado nataka kukasirika, na hasira siioni ilipo. Nikauliza mchungaji alihubiri nini nilipokata simu.

"Hakuhubiri," mama akasema. "Alisema mwanaye ameshaongea. Akafunga kitabu, wakamshusha."