Stage iliporudi mtaani kwetu Kisii, veranda ya mama ikabomolewa

Habari zenu wakuu. Naona watu humu wanabishana kuhusu hizi PPP, kaunti na kampuni binafsi kujenga pamoja. Mimi si mtaalamu. Nitawaambia tu yaliyotupata nyumbani, bila kuongeza chumvi.

Nililelewa nyuma ya stage ya zamani ya mabasi, Kisii mjini. Mama alikuwa na hoteli ndogo pale. Chai, mandazi, na mchana ugali na mboga ya rinagu.

(Sisi Wagusii mama tunamwita "baba" na baba tunamwita "tata". Msichanganyikiwe mbele.)

Enzi hizo mtaa ulichangamka kuanzia alfajiri. Wamama wa ndizi, fundi cherehani, kinyozi, watu wa Nyamache wakishuka na magunia. Homework yangu yote niliifanyia kwenye ile veranda, katikati ya kelele, na nilipita.

Halafu stage ikahamishwa upande wa pili wa mji.

Mtaa ukafa polepole. Fundi cherehani akahamia Daraja Mbili. Kinyozi akaenda Nyakoe. Taa za barabarani zikaharibika, hakuna aliyejali.

Mama aliendelea kufungua kila siku isipokuwa Sabato. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi Nyamira, na kila nikija namkuta amekaa peke yake na birika limejaa. Nikamsihi arudi nyumbani Nyamache apumzike.

"Nipumzike na nani?" akaniuliza. Tata alikuwa ameshafariki.

Ndipo mpango ukaja. Kaunti itoe ardhi na barabara, kampuni ijenge stage ndogo yenye paa, taa, vyoo na vibanda, iiendeshe kwa muda, halafu iikabidhi kaunti.

Tukaitwa mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Hapo tukaambiwa barabara ya kuingilia itapita kwenye veranda ya mama.

Mzee Ondieki, fundi viatu jirani yetu, alisimama kwa hasira. "Hawa wakishaingia, hata kiti chako hutakiona tena! Mama Moraa, usikubali!"

Ukumbi wote ukamgeukia mama. Bila ile veranda, hoteli ingebaki chumba kimoja tu.

Mama akamuuliza dada aliyetumwa na kampuni, "Hivyo vibanda ni vya nani?"

"Tutawapa kwanza mliobaki hapa, mama."

"Basi mliweke hilo kwenye mkataba wenu na kaunti, mrudi mtusomee. Mkishatusomea, mtabomoa."

Walirudi wakatusomea. Kusema kweli sikutegemea.

Siku ya kubomoa niliomba ruhusa kazini. Nilidhani nitamkuta analia. Nikamkuta anawamiminia chai vijana wa kubomoa!

Lakini ukuta wa kwanza ulipoanguka, alinishika mkono kwa nguvu.

"Tata wako alikuwa konda wa basi la Keroka," akasema. "Alikuwa anakaa pale kwenye kona, chai yake haiishi. Siku moja basi likaondoka bila konda. Dereva alifika mbali ndipo abiria wakauliza mbona hawaulizwi nauli."

Nikacheka. "Na yeye akafanyaje?"

"Akaniomba nimuongezee chai."

Wakuu, miaka yote hiyo sikuwahi kusikia hiyo stori. Tulisimama kwenye vumbi tukicheka, machozi yakitutoka.

Stage ikafunguliwa. Mama alipata kibanda, na dada yangu Moraa ndiye anamsaidia siku hizi. Mzee Ondieki naye alichukua chake karibu na geti, ingawa bado analalamika. Fundi cherehani amerudi. Kinyozi alikataa, ameshazoea Nyakoe.

Sitawadanganya kwamba yote ni mazuri. Vyoo ni vya kulipia, na wamama waliokuwa wanauza ndizi chini wanafukuzwa na askari wa stage. Hilo bado tunalipigania.

Na mimi nikifika pale macho yangu bado yanaitafuta veranda. Kuna lami tu.

Juzi nilimuuliza mama, "Baba, hujuti?"

Alikuwa anakanda unga wa mandazi, hakuinua hata kichwa. "Ile veranda niliipenda kwa sababu ya watu. Watu walipoondoka, nilibaki nafagia sakafu."

Nilichojifunza: miradi hii inaweza kufufua mtaa, ila waliovumilia mtaa ukiwa umekufa wapewe nafasi ya kwanza, na iandikwe kabla tingatinga halijafika. Baada ya hapo utakuwa unaomba tu.

Wa Nyamira, Keroka, Ogembo na kwingineko, kwenu ilikuwaje? Na kama uliwahi kunywa chai kwenye ile veranda, tafadhali niambie ulikuwa unakaa upande gani.