Kuku Aliyepewa Habari ya Mafuriko

Ulikuwa ule mwaka tulikula maembe asubuhi, mchana na jioni. Mvua ilibeba barabara, lori za kununua maembe hazikuja, tukayala mpaka mbuzi wakaanza kuyaruka kama mawe. Muulize mtu yeyote wa huku Makueni. Basi mwaka huo ndio nilikuwa na redio.

Si redio ya nyimbo. Ni ile ya mkononi: unafinya kitufe unaongea, ukimaliza unasema "ova", unaachilia unasikia. Kikundi chetu cha kujitolea kilipewa mbili, kwa sababu mvua ikizidi, netiweki ya simu ndiyo inakufa ya kwanza. Moja ilienda juu milimani, upande wa Kikima, mahali mto wetu unatoka. Ya pili nilipewa mimi, kwa vile boma langu liko kilimani na mto nauona wote hapo chini. Siku nyingi huo mto ni mchanga tu, akina mama wanachimba shimo wanateka maji. Halafu inanyesha huko juu, huku kwetu jua linawaka, na maji yanakuja bila kupiga hodi. Hiyo redio niliivaa shingoni hata kanisani. Wenye wivu walikohoa.

Shida ilikuwa moja. Redio ya juu alipewa mume wa binti yangu, na kwetu Ukambani mwanamume haongei na mama mkwe wake moja kwa moja. Hiyo heshima tunaiita nthoni. Huyu akiniona njiani anaingia kichakani, hata kama ni cha miiba. Siku ya kugawa redio hakuna aliyekumbuka, kila mtu alikuwa anashangaa chaja ya sola.

Mwenyekiti wetu, mwalimu aliyestaafu, alikumbuka baadaye. Akaja. "Mama, hiyo redio tumpe msichana wa duka. Yeye amefika form four."

Nikamwambia: "Redio hii siitoi. Mkiitaka, mje na panga muikate pamoja na shingo."

Akaenda.

Wiki hiyo hiyo, saa nane mchana, redio ikakwaruza. Dada yangu mdogo alikuwa mtoni ndani ya shimo la mchanga, naona kitambaa chake cha kichwa tu. Nikafinya.

"Ongea! Ova!"

Nasikia mtu anapumua.

"Ongea, wewe!"

"Kuna... kuna mtu mwingine hapo?" Ni mkwe wangu, sauti nyembamba kama ya mtu ameitwa na polisi.

"Hakuna mtu! Niko mimi na kuku!"

Akapumua tena. Macho yangu yako kwa kile kitambaa.

"Basi ongea na kuku!"

Hapo akapata nguvu. "Kuku," akasema, kwa adabu kabisa, "tafadhali mwambie mama mto umejaa, umepita daraja, unakuja na miti. Awatoe watu. Na umsalimie sana. Ova."

Sikumngojea kuku. Niligonga ile ringi ya gari ambayo ni kengele yetu mpaka bega likafa ganzi. Akina mama wakatoka mbio. Dada yangu akatoka, akakumbuka ndoo, akarudi! Nikamtukana yeye na ukoo wake wote, ambao ni wangu. Akaiacha. Alikuwa ndio amekanyaga ukingo, maji yakapita na ile ndoo ikicheza juu.

Habari ya kuku ilifika hadi soko la Kabati kabla mto haujapungua. Kwa mkutano wa kikundi watu walicheka mpaka wakashikana, lakini mwenyekiti hakucheka.

"Mama, ule muda wa kupumua ungemmaliza dada yako. Kwa msichana wa duka, huyo kijana hahitaji kuku."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kama jino.

Dada yangu akasimama. "Na akiwa dukani, mto atauona wapi? Kwa mzani wa sukari?"

Hapo nikapata mdomo. Nikawaambia kuku nimemfunga mguu kando ya kiti changu, na binti yangu amepeleka ujumbe kwa mumewe: asianze na kupumua, aanze na kuku.

Mwenyekiti bado alinyoosha mkono.

"Redio hii siitoi. Mkiitaka, mje na panga muikate pamoja na shingo."