Wazee wa Ndevu Wamefika Mtoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka hata nisipoulizwa, na leo wewe umeniuliza. Unataka kujua uende lini Mara ukaone nyumbu wakivuka mto, na umeshika simu yako ukingoja nikutajie tarehe uiandike. Tarehe sina. Nina kisa, na ndani yake yumo mtu aliyefanya nifike umri huu wa kukuchosha kwa visa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, dereva wa kampuni ndogo ya watalii mjini Kampala. Kwetu ni Kenya, lakini riziki yangu ilikuwa Uganda. Chumba nilipanga Kasubi, nyumbani kwa Sajini Okot, polisi wa makamo kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Jeshi lilikuwa madarakani. Wahindi walikuwa wamefukuzwa mwaka uliotangulia, watalii wamepungua, na sisi madereva tulishinda tukifuta vumbi kwenye magari yasiyokwenda popote.

Ndipo akaja muuguzi mmoja Mzungu, mama mtu mzima aliyehudumu miaka mingi katika hospitali ya misheni. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja arudi kwao moja kwa moja, na kabla ya hapo alitaka kitu kimoja tu, kuona nyumbu wakivuka mto Mara. Nikamwahidi kifua mbele kwamba nitamfikisha siku yenyewe. Ungenisikia ungedhani nyumbu hao ratiba yao nimewapangia mimi.

Nilikuwa na binamu aliyefanya kazi kwenye kambi ya mahema huko Mara. Kila Alhamisi alikwenda Narok mjini kuchukua vyakula, na akifika hunipigia simu. Simu ya ofisi yetu ilikuwa imekatika, kwa hiyo alinipigia kwenye duka la vipuri pale Nakivubo, nami hufika mapema nikakaa juu ya tairi kuingoja.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa langu liko hapa. Sisi madereva hatukusema nyumbu. Tuliwaita wazee wa ndevu, kwa zile ndevu zao za kidevuni. Na Kiswahili unakijua. Watu wamefika na wanyama wamefika, watu wanavuka na wanyama wanavuka, hakijengi ua kati yao. Isitoshe laini ilikuwa mbovu, nami nikapaza sauti mbele ya duka zima lililojaa wateja.

"Wazee wa ndevu wametoka Tanzania? Maelfu? Wameshafika mtoni? Basi nitatoka Kampala kesho nije niwapokee."

Mwanangu, fikiri. Tanzania ndiko walikokimbilia wapinzani wa serikali ile. Mwaka uliopita walikuwa wameingia na bunduki wakarudishwa, na mji mzima ulijua kwamba wanaweza kuja tena. Muuza duka akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Watu wawili wenye miwani myeusi, ambao nilidhani wananunua plagi, kumbe ni watu wa usalama, wakaja. Mmoja akanitoa simu sikioni taratibu, akairudisha mahali pake.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lingepona.

Walinivusha barabara hadi kituo kidogo cha polisi, tungoje gari. Siku zile kutiwa kwenye buti ya gari kulikuwa na maana moja, na mama zetu waliijua. Nilieleza kwamba nasema habari za wanyama. Wakacheka. Nami kwa ujinga wa ujana nikawajibu kwamba hata mtoto mdogo anajua nyumbu wana ndevu. Kofi nililopigwa hapo nalisikia bado nikilalia upande wa kushoto.

Nyuma ya kaunta alikuwa amesimama Sajini Okot, mwenye nyumba wangu. Hakunisalimu. Alinitazama kama mtu asiyenijua, na moyo wangu ukavunjika, nikasema kimoyomoyo, kumbe ndivyo alivyo. Kisha akaomba ruhusa kwa wale wawili aniulize maneno machache, akayauliza polepole kwa Kiswahili chake cha kaskazini, kalamu mkononi.

"Hao watu nakula nini?"

"Majani," nikasema.

"Nani nangoja wao kwa maji?"

"Mamba."

Yule mmoja, aliye mnene, akaguna kama anayetaka kucheka. Yule mwembamba akasema hiyo ni lugha ya siri tu, hata majani yana maana yake. Nje tukasikia gari likisimama, na buti ikifunguliwa.

Sajini akavua kofia yake, akaiweka juu ya kaunta, akakisukuma kitabu cha kituo mbele ya yule mwembamba.

"Afande, andika jina yangu pamoja na yake," akasema. "Hii kijana nalala kwa nyumba yangu, mimi najua yeye. Kama hao nakuja na bunduki, kuja chukua mimi."

Yule mwembamba hakuandika kwenye kitabu cha kituo, aliandika kwenye kijitabu chake mwenyewe, akasema nyumba ya Sajini wanaijua. Wakatoka. Buti ikafungwa, na gari likaondoka bila mimi.

Zamu yake ilipokwisha tulirudi Kasubi kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli. Nyumbani alinipa maji, akangoja nimalize, ndipo akanikemea, na kemeo lake lilikuwa hili tu:

"Wewe najua siku ya nyama kuvuka mto. Siku ya neno kuvuka mdomo, wewe hapana jua."

Kisha akaniamuru nisisafiri kwa wiki mbili. Nikionekana nakimbilia mpakani wiki ileile, watakuja kumchukua yeye. Na hapa nitakuambia aibu yangu yote, maana mzee asiyesema aibu yake hana la kufundisha. Nililia. Sikulilia shingo aliyoiweka rehani kwa ajili yangu, nililia nyumbu. Nilimwambia wiki mbili zikipita watakuwa wamevuka wote, na mama wa watu ataondoka bila kuona kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akaingia ndani.

Nilitii, na namshukuru Mungu kwamba nilitii. Baada ya wiki mbili mimi na yule mama tukapita mpaka wa Busia na vibali vyetu mkononi. Siku ya kwanza mto ulikuwa mtupu, na ya pili pia, nikajua nimechelewa. Binamu yangu akanicheka. Nani alikuambia iko siku moja, akasema. Wanavuka, wanarudi, wanavuka tena, wanafuata mvua na majani mpaka mwezi wa kumi. Asubuhi ya tatu wakajaa ukingoni, wakasimama saa nzima wakinusa maji, kisha mmoja akaruka, na ardhi yote ikamfuata. Yule mama alinishika mkono wa shati mpaka kifungo kikakatika.

Niliporudi, Sajini aliuliza kama wamevuka. Nikamwambia wamevuka, mzee. Akauliza kama wote. Nikasema hapana, wengine wamebaki majini.

"Basi kama sisi," akasema, akaendelea kupiga viatu vyake rangi.

Yeye alifika ng'ambo ya mto wake. Serikali ile ilipoanguka alirudi kwao, akazeeka, akafa kitandani kwake amezungukwa na wajukuu. Nilimshukuru mara nyingi mno hata akanikataza, na bado naona sijamaliza.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda Mara baina ya mwezi wa saba na wa kumi, na ukae siku nyingi kuliko ulizopanga, kwa maana majira si tarehe. Neno lako lipime kabla hujalitoa, hasa lile unaloliona halina madhara, kwani wewe unajua unachomaanisha lakini anayesikia hajui. Mkubwa akikuambia ngoja, ngoja, hata kama unalia. Na umwonapo mtu anangojewa na gari, nawe unamjua, sema jina lako waliandike pamoja na lake.

Mungu akuvushe salama kila mto. Akupe mtu wa kukusimamia siku ya dhiki, na siku ambayo mtu huyo hayupo, akujalie wewe uwe yeye.