Mama Kilatini na Pua ya Mkuu wa Shule

Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu anayejulikana shuleni kama Mama Kilatini anachungulia nje kwanza. Uwanja ni mtupu. Hata hivyo anafunga madirisha, licha ya joto, ndipo anaandika ubaoni: nasutus, nasuta, nasutum.

"Mwenye pua kubwa," anawaambia wanafunzi wake tisa. "La kwanza la mwanamume, la pili la mwanamke, la tatu la kitu. Kama kwetu tu: mtu mkubwa, kiti kikubwa. Sifa humfuata mwenyewe."

Kwa miaka kumi na tisa amefundisha maneno ya sifa kwa kutumia nyuso, na kanuni yake ni moja: kila mtu hutaja uso wake, na wa kwanza ni yeye mwalimu. Pua yake ni pana, wala haionei haya. Watoto hucheka bila mtu kuumia.

Wiki iliyopita koo lilimbana, akamwachia kiranja darasa. Kiranja hakuwa na pua ya kutosha, akaazima ya mkuu wa shule, aliyekuwa akipita nje. Darasa zima likaitikia kwa sauti: nasutus!

Tangu siku hiyo mwalimu haamini mtu. Makamu akimletea chai, anajiuliza katumwa na nani. Mlinzi akimsalimia mara mbili, anaona anachunguzwa. Mkuu ni mgeni shuleni, na ameshasema kikaoni kuwa somo la watoto tisa ni mzigo.

"Likifutwa, sina darasa lingine," ananong'ona. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mlango unafunguliwa. Mkuu anaingia bila hodi, anaketi kiti cha nyuma.

Mwalimu anajishika pua. "Nasuta," anasema. Watoto wanataja nyuso zao mmoja mmoja, macho sakafuni, mpaka zamu inafika nyuma.

"Na mimi je, mwalimu?"

Mwalimu anaunusa mtego. Akimtajia, amemtukana, akikataa, amedanganya mbele ya watoto.

"Hapa, mkuu, kila mtu hutaja yake."

Mkuu anajigusa pua. "Nasutus," anasema, na kutoka bila kucheka wala kuaga.

"Huyo ana lake jambo," mwalimu ananong'ona. Hajui kama somo litabaki. Lakini kesho ni zamu ya masikio, na mpango anao.

"Nitamwekea kiti mbele. Akirudi, wanafunzi watakuwa kumi."