Taa ya Kuwapokea Wakwe

Mwaka nilioposa nilikuwa fundi umeme mdogo kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, na nilijiona nina akili kuliko mtambo wenyewe uliotuletea umeme majumbani. Baba wa binti, mwendesha winchi wa mgodi huohuo, hakuwa amekataa wala kukubali. Alisema atakuja na ndugu zake waione nyumba yangu, kisha watajibu palepale.

Nyumbani sikuwa na cha kuonyesha ila umeme. Nikaamua kuwapokea kwa taa inayowaka na kuzimika yenyewe. Kwenye pasi mbovu iliyotupwa jalalani nilitoa kile kibati ambacho kikipata joto hupinda, nikakizungushia waya wa jiko la umeme lililokufa, nikaunganisha na globu. Waya ukipata moto kibati kinapinda, njia ya umeme inakatika, taa inazimika. Kikipoa kinanyooka, taa inawaka. Jirani aliniuliza kama ninaoa binti au ninaoa taa.

Wakaja jioni: baba, wadogo zake wawili na dada yao, shangazi wa binti, ambaye kwao neno lake ndilo la mwisho. Baada ya shikamoo na marahaba, tukala ugali kwa kuku. Baba akakohoa, akaweka mikono magotini. Nikaona jibu linakuja, nikabonyeza swichi yangu.

Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika.

Wanaume wote wakasimama. Kila mtu wa mgodini alijua, na mimi fundi nilijua kuliko wote, kwamba kila usiku kabla mtambo haujazimwa taa hukonyezwa hivyo, watu wawahi makwao kabla ya giza na fisi. Furaha ya posa ilinisahaulisha. Baba mkwe alishika viatu mkononi. Wadogo zake wakakwama mlangoni, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa heshima zote. Nikawakimbilia nikipiga kelele kwamba ni taa yangu tu, na kelele zikawaongezea mbio. Nadhani walifikiri fisi amekwishanipata.

Nikarudi ndani nikitaka kulia. Nimempoteza binti wa watu kwa pasi mbovu!

Taa ikawaka, nikamwona shangazi ameketi palepale, paja la kuku mkononi. Ikazimika. Ilipowaka tena, paja lilikuwa limekwisha na ameshika bawa. Nikamuuliza mbona hakukimbia. Akasema taa ikikonyeza, yeye huongeza mwendo wa kula. Kisha akaniuliza kama naweza kuituliza hiyo taa, nikamwambia naweza. Nikarudisha swichi yangu, taa ikatulia. Akaendelea kutafuna, nami nikaketi nikisubiri jibu la posa kama mshtakiwa.

Hatimaye taa ikakonyeza tena. Safari hii ulikuwa mtambo wenyewe. Nikainuka nimsindikize, lakini shangazi hakutikisika.

"Mkwe," akasema, "acha michezo yako, nimalize kula."

Umeme ukakatika kweli. Nikabaki nimesimama gizani, nikicheka peke yangu, wala sikutafuta kiberiti.